UZI: Honi ya gari la kizamani imenyamaza? Ifuatilie njia ya umeme kwanza, ndipo ufikirie kununua nyingine

#1 – Mwanzisha uzi

Heshima kwenu wanajamvi. Uzi huu ni kwa ajili ya wenzetu wanaotunza magari ya miaka ya 1950 hadi 1980, ambao wakibonyeza honi hawasikii kitu, au wanasikia mkoromo usioweza kumshtua hata mwendesha baiskeli. Ushauri wanaopewa mara nyingi ni mfupi: ng'oa hiyo, funga mpya. Sikubaliani nao. Katika magari ya umri huo honi yenyewe ni kifaa kigumu sana, na kinachotangulia kuharibika ni njia ya umeme ya kwenda na kurudi, hasa kile kipande kinachopita kwenye usukani. Ukifunga honi mpya juu ya njia mbovu, utakuwa umenunua mkoromo mpya.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, kwa sababu bila kuelewa hapo, yote yatakayofuata yatakuwa kubahatisha. Ndani ya honi ya umeme kuna koili iliyozungushiwa kiini cha chuma, kuna kiwambo cha bati jembamba lenye tabia ya springi, na kuna platini, yaani vile vidonge viwili vya kugusana kama vya distributa. Umeme ukiingia, koili inageuka sumaku na kukivuta kiwambo. Kiwambo kikifika karibu na kiini kinazisukuma platini ziachane. Umeme unakatika, kiwambo kinarudi kwa nguvu yake chenyewe, platini zinagusana tena, na mambo yanaanza upya mamia ya mara kwa sekunde. Katika honi ya umbo la konokono, sauti inatokana zaidi na urefu wa njia ya hewa iliyojikunja ndani yake, ilhali katika honi ya sahani ni ile sahani ya nje inayotetemeka kila kiwambo kinapogonga. Magari mengi yalifungwa jozi, moja ya sauti nene na moja ya sauti nyembamba, kwa mfano mitetemo 400 na 500 kwa sekunde, ili zikilia pamoja zipenye kelele za barabarani bila kukwaruza masikio.

Sasa jaribio lenyewe. Magari mengi ya zamani yanawasha honi upande wa ethi, yaani ile njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi: waya wa moto unatoka kwenye fyuzi na kukaa kwenye honi muda wote, na kitufe cha usukani kinachofanya ni kuupeleka upande wa pili kwenye bodi. Kwa hiyo chukua testa (taa ya kupimia), ushikize waya wake kwenye ethi, kisha kwa ncha yake gusa terminali za honi moja baada ya nyingine pasipo mtu kubonyeza chochote. Kama testa haiwaki kokote, rudi kwenye fyuzi, na usiitazame tu kwa macho. Itoe, isugue ncha zake pamoja na vishikizo vyake, maana fyuzi za kioo za zamani zinaweza kuwa nzima kabisa huku vishikizo vimeshika kutu ya kijani. Kama testa inawaka, chukua waya mfupi na uiunganishe ile terminali inayoelekea kwenye usukani na chuma safi cha bodi. Honi ikilia kwa sauti yake kamili, iache ilipo, kwa sababu ugonjwa uko kwenye usukani. Ikitoa "tik" moja na kunyamaza, umeme unaingia lakini platini haziachani, na hapo kuna matumaini makubwa ya kuirekebisha kwa skrubu. Isipotoa hata hiyo "tik", platini zimechafuka au koili imekatika.

Gari likiwa la Kiingereza la miaka ya 1960 au 1970, rangi za nyaya zitakusaidia: zambarau tupu ni moto uliopitia fyuzi, na zambarau yenye mstari mweusi ni ule unaokwenda kwenye kitufe. Hata hivyo, usiiamini rangi kuliko testa, kwa kuwa gari la miaka hamsini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja alitumia waya aliokuwa nao siku hiyo.

Upande wa usukani ndipo penye mengi. Usukani unazunguka na waya hauzunguki, kwa hiyo kuna pete ya shaba na kiguso chenye springi kinachoteleza juu yake. Ukiifungua, mara nyingi utakuta grisi ya zamani iliyokauka na kuwa nyeusi kama lami, imechanganyika na unga wa shaba, na chini yake pete imechimbika mfereji. Futa yote kwa kitambaa chenye spiriti, pitisha msasa laini sana hadi shaba ing'ae, hakikisha springi ya kiguso bado inasukuma, kisha paka grisi kidogo sana ya umeme. Msasa wa kukwaruza mbao usiuguse hapa, kwa sababu michirizi yake itakula kiguso kipya kwa muda mfupi.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni kiunganishi cha mpira kwenye shafti ya usukani, kile kinachozuia mtikisiko wa barabara usifike mikononi. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo watengenezaji waliweka kiwaya kidogo cha kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili shafti ipate ethi. Volkswagen Beetle inajulikana sana kwa hili. Mtu anabadilisha kile kiunganishi, anasahau kurudisha kiwaya, na kuanzia siku hiyo honi inanyamaza bila sababu inayoonekana. Ukikuta honi imekufa mara tu baada ya usukani kufanyiwa kazi, lala chini ya gari utazame hapo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

#2 – Mchangiaji

Asante mkuu kwa darasa. Yangu ina tatizo tofauti kidogo: inalia, lakini sauti ni dhaifu, na nikiwasha taa za mbele inazidi kufifia. Betri ni nzima na dinamo inachaji vizuri. Je, hiyo nayo ni njia ya umeme, au ni honi imechoka?

#3 – Mwanzisha uzi

Maelezo yako yanaelekea kwenye njia ya umeme, mkuu, lakini mita ndiyo itakayoamua. Usipime umeme wa honi ikiwa imetulia, kwa maana waya uliobaki uzi mmoja mzima bado utakuonyesha volti 12 kamili pasipokuwa na mzigo. Mwombe mtu abonyeze kitufe, nawe upime kati ya terminali mbili za honi wakati inalia. Tuseme betri ina volti 12.6 na kwenye honi unapata 9.8, maana yake volti 2.8 zimepotelea njiani, na kazi yako ni kuzitafuta. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri ya upande wa moto na nyingine kwenye terminali ya moto ya honi, honi ikiwa inalia: namba utakayoisoma ndiyo hasara ya njia ya kwenda. Kisha pima kutoka terminali ya pili ya honi hadi nguzo ya ethi ya betri: hiyo ndiyo hasara ya njia ya kurudi. Kwa pande zote mbili jumla isizidi nusu volti hivi. Ikifika volti moja tayari utaisikia kwa masikio.

Kwa kuwa inafifia zaidi taa zikiwaka, ningeanza na waya wa ethi unaotoka betri kwenda kwenye bodi, pamoja na ule unaounganisha injini na bodi. Taa na honi zinachangia ethi hiyo, kwa hiyo mzigo wa taa unapoongezeka, honi inanyang'anywa kilichobaki. Fungua, sugua hadi chuma kionekane cheupe, funga tena kwa nguvu, halafu ndipo upake kinga ya kutu juu yake. Kupaka kabla ya kufunga ni kuiweka rangi katikati ya chuma na chuma.

#4 – Mchangiaji

Mimi yangu ni kinyume chake, inalia yenyewe nikikata kona ya kushoto, na majirani wameanza kulalamika. Nifanyeje kabla sijaichomoa kabisa?

#5 – Mwanzisha uzi

Pole sana. Kwa mfumo wa kuwasha upande wa ethi, honi inayolia yenyewe maana yake ni kwamba waya wa kitufe unagusa chuma mahali fulani, na kwa kuwa inatokea kwenye kona, mahali hapo ni ndani ya nguzo ya usukani au chini yake kidogo. Plastiki ya waya inakakamaa kwa joto na umri, inapasuka, na shaba inagusa shafti kila usukani unapofika pembe fulani. Chomoa ule waya chini ya nguzo, pale unapoungana na nyaya za gari. Ikinyamaza, ubovu uko juu ya hapo, ikiendelea kulia, uko kati ya hapo na honi. Sababu nyingine ni pete iliyolegea na kukaa upande, au kizibo cha plastiki chini ya kitufe kilichovunjika hivi kwamba chuma kwa chuma vinabaki umbali wa karatasi. Usizungushie utepe na kuondoka, maana utepe hauvumilii kusuguliwa; vuta waya mpya.

Nyongeza kwa wenye magari ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea: kama usukani wako una mfuko wa hewa wa usalama, haya ya kufungua kitufe cha katikati hayakuhusu. Fuata kitabu cha gari lako, au mpe fundi mwenye ujuzi huo.

#6 – Mchangiaji

Kwa heshima zote, mimi naona tunajichosha. Honi ni nyaya mbili. Ninafunga mpya kabla kahawa haijapoa, na inalia vizuri kuliko ya zamani. Kuna faida gani ya kukaa na bisibisi juu ya kitu chenye umri kunizidi?

#7 – Mwanzisha uzi

Hoja yako ina uzito, ndugu yangu, na kuna wakati nitakuunga mkono: kiwambo kikipasuka au koili ikiungua, na haupo mfano mwingine wa kuchukulia vipuri, nunua mpya bila majuto. Lakini honi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kurekebishwa, na zile za sasa za bei ya chini zimezibwa moja kwa moja ili zikifa zitupwe. Hiyo ndiyo faida ya kwanza. Ya pili ni sauti. Honi ya konokono ya enzi hizo ina uzito wa sauti ambao kisahani kidogo cha kisasa hakina, na mtu anayelitunza gari kwa ajili ya uasili wake atalisikia kosa hilo kila anapobonyeza.

Urekebishaji wenyewe haumalizi kahawa yako. Nyuma au pembeni mwa honi kuna skrubu ndogo, wakati mwingine imefunikwa kwa nta au rangi. Zungusha kinyume cha saa pole pole huku honi ikijaribiwa kwa vipindi vifupi, hadi ifike pale inaposhindwa kulia. Kisha irudishe kwa mwendo wa saa karibu robo ya mzunguko. Huo ndio utaratibu wa honi za kampuni ya Kiingereza ya Lucas, na nyingi za aina hiyo zinafuata mantiki ileile. Skrubu hii haibadilishi noti. Inafidia kulika kwa platini tu. Kuna pia nati kubwa katikati yenye shina lililochanwa mfereji. Hiyo usiiguse kamwe, kwa sababu ndiyo inayopanga umbali wa kiwambo na kiini, na ikishapotea mahali pake kuirejesha ni kazi ya majaribio marefu. Weka ammita kwenye njia kama unayo: honi moja ya volti 12 hula ampea 3 hadi 5 hivi, nyingine za konokono zaidi kidogo, na ikiwa inakula nyingi huku sauti ni mbaya, bado haijakaa sawa. Vaeni pia vizuia kelele masikioni. Si mzaha, kwa kuwa uso wako utakuwa karibu kabisa na mdomo wa honi.

Kuhusu nyaya mbili, hapo ndipo watu wengi huungua. Kuna honi za terminali mbili na kuna za terminali moja zinazochukua ethi kupitia kishikizo chake. Ukiifunga ya terminali moja kwenye gari linalowasha upande wa ethi, ukaupa ule waya wa moto wa kudumu, italia tangu unapofunga nati na haitanyamaza hadi uchomoe waya au utoe fyuzi. Angalia hilo kabla ya kulipa.

#8 – Mchangiaji

Nimezungusha skrubu pande zote na hakuna kitu, hata "tik". Honi imefungwa kwa riveti, haina nati. Inafunguka?

#9 – Mwanzisha uzi

Inafunguka, ila kwa subira. Kwanza chora mstari wa alama kwenye ukingo, ili vipande virudi vilivyokuwa. Toboa vichwa vya riveti kwa drili, usitoboe mwili, kisha tenganisha taratibu kwa kisu butu ili gasketi ya karatasi isichanike. Unene wa gasketi hiyo ni sehemu ya vipimo vya honi: ukiweka nene zaidi, kiwambo kinakaa mbali na kiini na sauti inakufa, kwa hiyo ikichanika kata nyingine ya unene uleule. Ndani unaweza kukuta udongo uliojengwa na nyigu, kutu iliyomeguka kama maganda, na maji yaliyoingia kwa sababu mdomo wa honi ulielekezwa juu. Platini zisafishwe kwa tupa laini sana kisha zifutwe kwa spiriti. Msasa huacha chembe zinazozuia umeme usipite. Kagua kizuia cheche kilichounganishwa sambamba na platini, ambacho katika honi nyingi ni waya wa ukinzani uliozungushwa. Kikikatika platini zitaungua upya upesi. Koili pima kwa mita: ukinzani ni mdogo, mara nyingi ohomu moja au pungufu, kwa hiyo unachotafuta ni kama imekatika kabisa au imegusa mwili. Funga kwa skrubu na nati ndogo badala ya riveti, ukikaza kwa kupokezana pande zinazotazamana.

Wakati wa kuirudisha garini, hakikisha kile kishikizo cha mabati yaliyopangwa kimerudi. Kazi yake ni kuiacha honi itetemeke. Ukiifunga moja kwa moja kwenye bodi kwa chuma kinene, au sahani yake ikigusa grili, utapata sauti iliyobanwa pua ingawa umeme ni safi.

#10 – Mchangiaji

Gari langu bado ni la volti 6 na chanya ndiyo iko kwenye bodi. Je, haya yote yanahusu? Na nikiweka rilei itakubali?

#11 – Mwanzisha uzi

Yanahusu, tena kwako zaidi. Kwa nguvu ileile, mfumo wa volti 6 unapitisha ampea mara mbili, na volti moja inayopotea njiani kwako ni sehemu ya sita ya umeme wote. Honi ya kawaida ya koili na platini haijali chanya iko wapi. Rilei ya kawaida, yaani swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme, nayo haijali, ila zenye diodi ndani (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) zinajali sana, hivyo soma mchoro ulio ubavuni mwake. Na lazima iwe ya volti 6, kwa kuwa ya 12 haitavuta. Pampu ya honi za upepo ni habari nyingine, maana mota yake inaweza kuzunguka kinyume.

Ukibadilisha gari liwe la volti 12, honi ya volti 6 italia kwa ukali wa kufurahisha na kuungua si muda mrefu baadaye. Wengine hufikiria kufunga mbili za volti 6 kwa mfuatano. Haifanyi kazi vizuri, kwa sababu platini za moja zikiachana zinakata umeme wa nyingine pia, na zote mbili zinalia kwa kugombana.

Kwa wote, mfumo wowote wenye honi mbili nashauri rilei. Kwa namba zilizoandikwa kwenye rilei, terminali 30 ipate moto kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15 kwa waya wa milimita za mraba 2.5, 87 iende kwenye honi, na upande wa pili wa honi uende bodi. Moto wa zamani wa honi uunganishe 86, na waya wa kitufe uunganishe 85. Kuanzia hapo kile kiguso cha usukani kinabeba sehemu ndogo tu ya ampea, badala ya kumi. Nyaya za zamani usizikate. Zikunje na uzifunike ncha, ili atakayelimiliki gari baadaye aweze kurudisha mpango wa kiwandani.

#12 – Mchangiaji (#2)

Mrejesho wakuu: nimepima kama ulivyoelekeza. Njia ya kwenda inapoteza volti 0.3, ya kurudi volti 2.1. Waya wa injini na bodi ulikuwa umebaki nyuzi chache chini ya plastiki. Nimebadilisha, na sasa taa zikiwaka sauti haibadiliki. Ila honi nene bado inatangulia kunyamaza kuliko nyembamba nikibonyeza kwa muda.

#13 – Mwanzisha uzi

Safi sana. Hiyo nene sasa inadai skrubu yake. Chomoa nyembamba na uzibe waya wake usiguse chuma, rekebisha nene peke yake, kisha uirudishe mwenzake. Ukizirekebisha zote zikiwa zinalia pamoja, hutajua ni ipi imekujibu.